Mbuzi Mmoja kwa Mama Ekal

Jamani, hii stori nilitaka nizikwe nayo, lakini kwa vile Kakuma nzima inaijua na hata huko Lodwar wameanza kunicheka sokoni, afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi: mimi, Mama Ekal, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, niliingia harusini bila kualikwa, tena kwa upande usio wangu.

Chanzo ni mdomo wangu. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa nilikaa nacho miaka tisa, halafu siku moja nikamwambia mwenyekiti, Mama Ekai (majina yetu yanakaribiana, msituchanganye), mbele ya watu, kwamba mikutano yake ni mirefu kuliko barabara ya kwenda Lokichar. Watu walicheka, yeye hakucheka. Wiki hiyo hiyo nikatolewa kwenye grupu ya simu, mikutano ikahamishwa bila mimi kuambiwa, na tukikutana sokoni ni salamu tu, "ejok" ya mbio mbio, mtu anapita akiangalia nyanya. Nilijifanya sijali. Uongo mtupu, nilikuwa nalia nikipika.

Basi Nakiru, binti wa mwenzetu mmoja, akapata mchumba Mkongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, na nikasikia kikundi kinashona sare ya harusi. Huyo Nakiru nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, lakini hakuna aliyeniambia kitu. Nikapita kwa fundi kama mtu anayetafuta kivuli, nikaona gauni la kitenge cha buluu chenye ndege wa njano limening'inia mlangoni, nikauliza kama ni la harusi ya Nakiru, akasema ndiyo, na hapo ndipo nilipaswa kuuliza swali la pili. Sikuuliza, niliona aibu. Nikaenda hadi Lodwar, nikakipata kitenge kile kile, nikashonesha huko huko mtu wa Kakuma asijue, na kichwani nilishapanga kila kitu: nitatokea katikati yao nimefanana nao, watanifukuza vipi?

Siku yenyewe nikachelewa makusudi ili niingie kwa kishindo. Nafika langoni, nachungulia, akina mama wetu wote wamekaa wamevaa kijani. Kijani, wenzangu. Buluu ilikuwa nyuma yangu, akina mama Wakongo wa upande wa bwana harusi, wanashuka na zawadi (kumbe fundi alikuwa anashonea pande zote mbili). Kabla sijageuka nikimbie, shangazi mkubwa wa bwana harusi, Mama Furaha, akanishika mkono, akanigombeza kwa kuchelewa, akaniwekea beseni la vikombe kichwani na kunisukuma mstari wa mbele, maana walitoka sehemu nyingi na kila mmoja alidhani nimekuja na mwingine. Ningesema nini? Nikacheza. Wao wanakwenda polepole kwa kiuno, mimi Mturkana nimezoea kuruka juu, vikombe vinagongana kichwani, na kule kwenye kijani naona vidole vinaanza kunyooshwa.

Kwenye kikundi tulishapanga zamani, kabla sijatolewa, kwamba harusini wageni wa upande wa bwana harusi hawapiti hivi hivi, lazima waulizwe mmoja mmoja wana undugu gani na bwana harusi. Na muulizaji ni nani? Mama Ekai, na kipaza sauti mkononi. Akafika kwangu akasimama.

"Na huyu," akasema, "ni nani wenu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimechoka kujifanya.

"Mimi si wao," nikasema, na kile kipaza sauti kikabeba kila neno. "Sikuitwa. Nilitaka tu kufanana na nyinyi, nikakosea kitambaa. Nisamehe ule mdomo, Mama Ekai. Naishi vibaya bila nyinyi."

Kicheko kilichopasuka hapo, mniache. Nikaanza kushusha beseni niende zangu, Mama Furaha akalirudisha kichwani kwa nguvu.

"Huyu iko na kitambaa yetu, iko mutu yetu," akawaambia. "Munamutaka? Mumuombe na mbuzi."

Sasa hapo Mturkana amebanwa: aambiwe mbele ya wakwe kwamba mtu wake anahitaji mbuzi, naye akose mbuzi? Mama Ekai alinitazama, nikaona midomo inamcheza, halafu akacheka mpaka akajifuta macho. Na yule yule aliyenitoa akaniomba kwa jina, kwa kipaza sauti, akatuma mtu alete mbuzi: beberu jeupe lililoshiba, si la kuondolea lawama. Nikavuka uwanja na buluu yangu, mamake Nakiru akasogea kwenye benchi, nikakaa katikati ya kijani. Nilitamba, siwafichi.

Kabla pilau haijaiva nilikuwa nimerudishwa kwenye grupu. Nimeapa kwamba nikitengwa tena nitaenda kuuliza wenyewe, si fundi. Na mikutano ya Mama Ekai bado ni mirefu vile vile, ila siku hizi nakaa mpaka sala ya mwisho, na ikiisha namuuliza kama hakuna jambo jingine.