Muhuri wa Mume Aliyeko Kambini

Siku ile naikumbuka hata leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka najionea haya. Ilikuwa asubuhi, Jeddah, joto limeshaanza kuchoma, na mimi bibi harusi wa miezi mitatu nimekaa sakafuni chumbani kwangu. Mbele yangu pana karatasi ya serikali, kidau cha wino na muhuri wa mume wangu. Mume mwenyewe hayupo. Nikaupulizia ule muhuri pumzi ya moto kama nilivyokuwa nikimwona yeye akifanya, nikaugandamiza chini ya karatasi. Lo! Nilijiona mjanja sina mfano.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinijia hapa na simu ya mumeo mkononi. Ukaniambia, "Bibi, Idi kapelekwa kulinda amani, huko aliko mtandao wa kubahatisha, na ritani za kodi za duka letu mwisho wake ni mwezi huu. Lakini kaniachia namba zake zote za siri. Naingia kama yeye, nabonyeza, basi." Nikanyamaza. Ukadhani sijakusikia, ukanipandishia sauti. Masikio yangu mazima, mwanangu. Nilikuwa nataka nikumbuke vizuri kwanza ndipo niseme.

Basi tega sikio. Sisi tulikwenda Jeddah mimi nikiwa mtoto, baada ya yale yaliyotukuta Unguja mwaka wa sitini na nne. Nikakulia huko, nikasoma huko, Kiarabu nikakishika kuliko baba yangu. Nilipofika miaka kumi na tisa nikaolewa na Nassor, mtoto wa Mzee Masoud, Wazanzibari wenzetu. Wao walikuwa washapata uraia wa Saudia kwa nasaba ya babu yao, na Nassor alikuwa askari jeshini. Ilikuwa ile miaka mafuta yamepanda bei, nchi nzima imegeuka kiwanja cha ujenzi, meli za saruji zimejipanga nje ya bandari wiki kwa wiki hazina pa kufunga. Kila mtu anafungua duka. Na sisi tukafungua letu la vitambaa, karibu na Bab Makkah. Yeye akatia akiba ya mshahara wake, mimi nikatia mahari yangu yote. Leseni ikaandikwa jina lake.

Hatujamaliza miezi miwili, Nassor akaitwa. Kikosi chake kinapelekwa kaskazini, upande wa Tabuk, na kurudi hakuna ajuaye lini. Siku ya kuondoka akanipa muhuri wake wa shaba umefungwa kwenye leso. Zama hizo wenye maduka wengi kule walikuwa na mihuri ya majina yao, na muhuri wa mtu ndio neno lake. "Nitunzie, Salama," akaniambia. Hakusema zaidi. Na mimi machozi yananitoka, hata sikumuuliza niutunze vipi.

Mwaka wa Kiislamu ukaisha, ikaja karatasi kutoka ofisi ya zaka na kodi. Raia mwenye duka alitakiwa aandike mali aliyonayo, akiri, atoe zaka yake. Bila ya hiyo, leseni haipati kuendelea, duka linafungwa. Tulipewa muda mpaka mwezi wa Safar uandame. Barua kwenda Tabuk na kurudi ilichukua zaidi ya hapo, na mara nyengine haifiki kabisa. Nikajisemea, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiarabu nakijua, hesabu nazijua, muhuri ninao. Kitu gani tena kimekosekana? Nikajaza, nikapiga muhuri, nikampelekea baba mkwe aifikishe ofisini.

Sasa nikwambie Mzee Masoud alikuwa mtu wa namna gani. Unguja alikuwa karani wa forodha. Jeddah akawa mtunza bohari ya saruji, kanzu yake haikwisha vumbi. Mwembamba, mpole, miwani yake imekatika mkono mmoja akaufunga uzi akauzungusha sikioni. Na alikuwa na tabia iliyokuwa ikinichekesha: karatasi yoyote, hata risiti ya nyama, aliisoma kuanzia chini. "Huko juu wameandika maneno yao," akisema. "Chini ndipo unapoandikwa wewe." Mimi na Nassor tukimwigiza kwa siri, tukicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Akaipokea karatasi yangu, akaisoma kuanzia chini. Nikamwona uso unabadilika.

"Salama, mwanangu, Nassor amekuja?"

"La, Baba. Yuko Tabuk."

"Basi huyu aliyehudhuria ni nani?"

Akaniwekea kidole. Pale chini, juu kidogo ya muhuri, pameandikwa kwa herufi ndogondogo: mimi mwenye jina hili nimehudhuria mwenyewe leo, hapa Jeddah, nikakiri. Na tarehe nimeijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri niliokuwa nikijivunia.

"Hayo ni maneno ya kawaida tu, Baba," nikasema. "Nani atayatazama?"

Hakunipigia kelele. Bora angenipigia. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, akasema taratibu, "Askari aliyeko mpakani huitwa jina kila asubuhi, likaandikwa kwenye daftari. Karatasi hii inasema siku hiyo hiyo yuko Jeddah kwa mkewe. Mtu hawi pahala pawili, mwanangu. Jeshi litauliza pahala gani ni pa uongo, na muhuri ni wake. Umemtorosha mumeo kambini na mwenyewe hana habari."

Nikamwona Nassor wangu yumo kifungoni, anaulizwa la kujibu hana. Na bado, ujana una kiburi, mwanangu, ujana una kiburi! Nilimjibu huku nalia, "Na duka je? Tukae tuangalie likifungwa? Mahari yangu yote imo mle!"

"Duka likifungwa litafunguliwa," akasema. "Jina la mtu likifungwa, ufunguo wake hauchongwi na fundi yeyote."

Kisha akanirudishia karatasi. Angeweza kuichana yeye, na haki alikuwa nayo. Hakuichana. "Umeiandika wewe, ichane wewe," akaniambia. Nikaichana vipande vidogo vidogo mbele yake. Alipoona nimemaliza akasema, "Funga nguo zako. Kesho tunakwenda Riyadh, huko ndiko waliko wakubwa wa kikosi chake. Tutaomba Nassor akuandikie hati ya uwakala, aitie sahihi huko huko kambini mbele ya mkuu wake, ili uhudhurie wewe kwa niaba yake. Ndiyo njia."

Mpaka leo namstaajabia mzee yule. Hebu fikiri. Makarani wa ofisi ya zaka alikuwa akisali nao safu moja, na maisha yake yote yalipita kwenye makaratasi, ujanja wake wote anaujua. Hakutumia hata mmoja. Aliomba ruhusa kazini bila ya mshahara, wakati saruji ndiyo inamiminika, akafunga safari na mkwewe kwa kosa ambalo si lake. Penye wazee haliharibiki neno, walisema waliotutangulia, na mimi nimeliona kwa macho yangu.

Tukapanda gari ya abiria kupitia Taif, safari ya kutwa kucha. Njia nzima hakunitajia kosa langu hata mara moja. Alinipa mkate na chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akanifundisha kusoma risiti ya nauli, kuanzia chini. Nikapata ujasiri nikamuuliza, "Baba, kwa nini hati isiandikwe kwa jina lako? Wewe mwanamume, mambo yatakuwa mepesi."

"Yatakuwa mepesi kwa mwaka huu," akanijibu. "Mali ni yenu, na nusu yake ni mahari yako. Kesho nikifa mimi, utamtafuta nani ahudhurie kwa niaba yako?"

Riyadh tuliikuta vumbi tupu na winchi. Mtaa wa Olaya huo mnaouona leo kwenye picha una maghorofa ya vioo, wakati ule ulikuwa mashimo na vyuma. Tukafikia kwa jamaa zetu wa Unguja, na asubuhi yake tukaenda kwenye ofisi ya jeshi. Afisa alikuwa mtu wa makamo, masharubu yana mvi, meza imejaa madaftari. Baba mkwe akamwekea ombi letu, na pembeni yake fomu mpya ya zaka aliyoiomba kwa makarani, imejazwa yote isipokuwa pale chini.

Afisa hakulitazama ombi. Alinitazama mimi ndani ya baibui langu, akamuuliza baba mkwe, "Harusi yao ya lini?"

"Miezi mitatu."

Akaguna. "Mwezi huu nimewakamata askari watatu, wote maharusi. Wameruka kambini wakaenda kwa wake zao, na wote wamekana. Mmoja nilimnasa kwa mkataba wa nyumba aliotia sahihi siku aliyosema yuko kambini. Mwanao je? Hajafika Jeddah?"

"Hajafika."

"Una ushahidi gani?"

Mwanangu, muhuri ulikuwa ndani ya mkoba wangu, nikauona mzito kama jiwe la kusagia. Mzee Masoud wala hakutikisika. Aliisukuma fomu mbele, akaweka kidole chini kabisa.

"Soma hapa," akasema.

"Hapa patupu."

"Ndiyo ushahidi wangu. Zimebaki siku kumi na moja duka lake lifungwe, na pahala pa muhuri wake ni patupu. Angefika Jeddah hata saa moja, pasingekuwa patupu."

Afisa akatazama ile karatasi, akamtazama mzee na miwani yake ya uzi. Kisha akacheka, mwanangu, akacheka mpaka masharubu yakatetemeka. "Yalla, haya basi," akasema, akanyanyua simu kuitafuta kambi. Na mimi nilikuwa nalia ndani ya baibui, kwa sababu mimi na baba mkwe peke yetu ndio tuliojua kuwa siku tatu tu nyuma pahala pale palikuwa na muhuri.

Hati ilitufikia siku ya nane, imekuja na watu wa jeshi, ina sahihi ya Nassor na ya mkuu wake. Tukarudi Jeddah mbio, tukafika ofisi ya zaka zimebaki siku mbili. Karani akaipokea fomu, akauliza kama wanavyouliza siku zote, "Nani amehudhuria?"

Nikamgeukia baba mkwe. Yeye ndiye msemaji wetu siku zote. Mzee Masoud akafumba mdomo, akaanza kuitazama panka ya darini inavyozunguka utadhani ndiyo kwanza anaiona.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, karani akauliza tena. "Mimi! Salama binti Hemed, kwa uwakala wa mume wangu."

Nikaliandika jina langu pale chini. Ikama yangu, yaani kibali cha kuishi nchini, ilikuwa ndani ya karatasi za baba yangu, kisha nikaolewa nikaingia kwenye karatasi za mume. Ndiyo mara ya kwanza serikali yoyote inaniuliza nani amehudhuria, na jibu likawa mimi. Baba mkwe akaichukua, akaisoma kuanzia chini, akairudisha kwa karani. "Sasa inasomeka," akasema, basi.

Nassor alirudi baada ya miezi saba. Nikampa leso yake na muhuri wake, na nikamweleza yote, sikuficha. Akaikunjua leso, akaugeuzageuza muhuri. Kisha akaniuliza, "Baba alikukemea?" Nikamwambia, alinikemea kwa swali moja tu. Tangu siku ile hatukumwigiza tena mzee wetu kusoma karatasi. Tukawa tunasoma kama yeye.

Sasa nakurudia wewe, mwanangu. Idi kakuachia namba zake kwa sababu anakuamini, na kuaminiwa ni jambo kubwa. Lakini kuachiwa kitu si kuruhusiwa kuwa mwenye kitu. Ukiingia kama yeye, mashine itaandika kuwa Idi leo amekaa hapa, amesoma, amekubali, na jeshi lake litaandika kuwa leo yuko zamu nchi ya watu. Ukimpenda mumeo usimpeleke pahala pawili. Nenda ofisi ya kodi uwaambie ukweli kuwa mwenyewe yuko kazini mbali, uwaulize wanataka hati gani. Kuuliza si ujinga. Nenda na kwa wakubwa wake, hao wana njia ya kumfikia hata kama mtandao ni wa kubahatisha. Ikichelewa, ichelewe, adhabu ya kuchelewa hulipwa ikaisha. Kisha uhudhurie wewe, kwa jina lako, na kabla hujabonyeza chochote, teremka mpaka chini kabisa usome umeandikwa nani.

Mungu amlinde Idi wako huko aliko, amrudishe na viungo vyake vyote, alikute jina lake pale pale alipoliacha. Awape riziki isiyohitaji kufichwa. Na wewe akujaalie uishi na mtu anayesoma kuanzia chini. Na ukimkosa, mwanangu, basi Mungu akujaalie uwe wewe.