Wembe Mmoja wa Matanga

Mwanangu, kila nikiona mtoto mwenye mapunye kichwani, nakumbuka mwaka ule nilipokaribia kurudishwa kwetu Bungoma na nguo zangu kichwani. Tuliishi kwenye kambi ya vibarua, shamba la mzungu nje ya Eldoret, upande wa Chepsaita. Baba mkwe alipofariki, watoto wote walinyolewa siku ya matanga, kama ilivyo desturi yetu. Mama mkwe ndiye aliyeshika wembe. Alianza na nyumba ya mzaliwa wa kwanza, ndiyo yetu, kwa hiyo binti yangu wa pekee akatangulia. Akafuata Wafula, mtoto wa shemeji yangu, kisha wengine wote. Wembe ulikuwa huo huo, na maji ya karai hayo hayo.

Tukiwa tumeshasahau matanga, watoto wakaanza kujikuna. Nywele zikakatika, vichwa vikajaa mabaka ya mviringo. Wote, isipokuwa binti yangu. Ungefurahi, sivyo? Mimi nililia. Mtoni wanawake waliacha kuniitikia salamu. Walisema nimewaroga watoto wa wenzangu ili wangu ang'are peke yake. Shemeji akamwambia mume wangu waziwazi, "Huyu bibi yako arudi kwao kabla hajatumalizia watoto." Mume wangu, maskini, akainamisha kichwa tu. Nikaanza kufunga nguo.

Mama mkwe akatuita sote uani. Alikuwa mkali, nilimwogopa kuliko nyapara.

"Nani alinyolewa kwanza?" akauliza.

Wakamwonyesha binti yangu.

"Halafu?"

"Wafula, mama."

"Huyu Wafula alikuwa na doa kichwani hata kabla ya matanga. Mimi nililiona, nikasema ni uchafu, nikapitisha wembe. Wanaougua ni yeye na wale waliomfuata. Basi kama mnataka mchawi, ni mimi. Nirudisheni mimi kwetu."

Nikarudi ndani kufungua mzigo wangu wa nguo. Tangu siku hiyo nilimpenda kama mama aliyenizaa.

Baadaye dresa wa zahanati alinieleza. Ugonjwa ule una mbegu ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Hukaa kwenye wembe, kitana au kofia, hata miezi, zikingoja. Zikipata ngozi yenye unyevu na mkwaruzo kidogo, zinachipua, zinatoa uzi mwembamba unaopenya mpaka kwenye unywele wenyewe. Wewe unakuja kuona baka siku nyingi baadaye, na aliyekuwa karibu ndiye anayelaumiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, chemsha wembe kabla ya kila kichwa, na kitana cha mwenye mapunye kisiguse mwingine. Shida ikiingia nyumbani, usikimbilie kutafuta mtu wa kufukuza. Kaa chini kwanza, uliza mlifanya nini, na nani alifuata nani. Ukikuta ni mkono wako, sema mbele ya wote, hata kama wewe ndiye mkubwa wao. Mungu akujalie watoto wenye afya, na siku watu watakapokugeuka, akupe mtu mmoja wa kusimama nawe uani.