Kiungio Nilichokipitisha Bila Kukipima

Siku moja ya mvua pale Biwi imenikaa moyoni miaka yote hii, mwanangu Neema, na leo nataka uisikie kutoka kinywani mwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine.

Uliponipigia simu kutoka Kanada ukasema umeajiriwa kwenye ofisi inayosimamia vinu vya umeme wa nyuklia, mama yako aliuliza kama utakuwa fundi. Nikamwambia hapana. Kuna mafundi wanaochomelea mabomba, kuna wengine wanaotafuta nyufa kwenye viungio, na Neema atazunguka kuhakikisha kwamba hao wanaotafuta nyufa wanazitafuta kweli. Mama yako akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema hiyo kazi uliianza kambini Dzaleka, ulipokuwa unatukagua sote kama tumenawa mikono kabla ya kula. Mimi nilicheka pia, kisha nikatoka nje nikalia kidogo kwa furaha. Nakuambia wazi, maana wazee wengi hufa na sifa za watoto wao mfukoni.

Mambo ya nyuklia siyajui. Lakini bomba nalijua, ufa naujua, na binadamu anayetumwa kuutafuta ufa namjua zaidi, kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Basi nisikilize.

Wakati huo ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tumefika kutoka Bukavu, na aliyetupokea kambini alikuwa Deo, baba yako wa ubatizo. Alitupa nusu ya chumba chake, sufuria yake moja, na jikoni pote. Undugu ni kufaana, na Deo alitufaa. Kanisani aliongoza kwaya, na kazini alikuwa mchomeleaji mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona. Ndiye aliyeniingiza kwenye karakana moja ya Biwi, mjini Lilongwe, tukawa tunatoka kambini kwa kibali na kurudi mwisho wa juma.

Mwaka huo karakana ilipata kazi ya kutengeneza mabomba ya mvuke kwa ajili ya jiko la shule moja ya bweni, upande wa Dowa. Nsima, ugali wa Wamalawi, ya watoto mia kadhaa ingepikwa kwa mvuke badala ya kuni chini ya kila sufuria. Deo alichomelea. Mimi, kwa kuwa nilisoma ufundi, nilipewa kupima viungio. Na wenye shule, watu waangalifu, wakamweka mtu wa tatu: Mzee Ndikumana, Mrundi aliyewahi kutunza tanuri la mvuke kwenye kiwanda cha chai kwao. Yeye hakuchomelea wala hakupima. Kazi yake ilikuwa kuniangalia mimi, kama kazi yako wewe sasa.

Nikuambie ukweli, sikumpenda. Alikuwa mpole, lakini alirudia swali moja mara tatu kama mtu anayetafuta miwani, na alivaa koti hata jua likiwaka. Nilijiuliza, kama wananiamini nipime, huyu wa nini tena? Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi langu sikuliona.

Kupima kwenyewe kulikuwa rahisi. Unapaka chokaa nje ya kiungio, unaiacha ikauke iwe nyeupe. Ndani unapaka mafuta ya taa. Halafu unangoja. Kama chuma kimeshikana, chokaa inabaki nyeupe. Kama kuna ufa uliopenya, hata mwembamba kama unywele, mafuta yatapenya nayo chokaa itapata mstari mweusi. Kinachotakiwa ni subira tu, na hiyo ndiyo iliyonishinda.

Vile viungio vya kwanza vya Deo nilivipima vyote, vyote vikatoka vizima. Wenzetu wa Malawi pale karakanani wakaanza kunitania kwa Kichewa: huyu bwana hamwamini hata ndugu yake wa kanisani! Walicheka bila ubaya, lakini mimi iliniuma. Unajua tulivyo sisi wa Bukavu tukiwa ugenini. Nyumbani tutagombana mpaka paa litikisike, lakini mbele ya wageni mtu wako humwaibishi. Kila nilipoinua brashi ya chokaa niliona kama namvua Deo shati hadharani.

Ijumaa ikabaki kona ya mwisho ya bomba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, tajiri wa karakana anapiga kelele kwamba lori linangoja. Deo akaniletea ile kona, bado ina joto. Alinitazama tu, akakawia kidogo kuondoka, nami nikadhani ananiomba nisimwaibishe. Wale wenzetu walikuwa wameegemea mlango wakisubiri kuona. Nikaweka brashi chini. Nikatia doa la rangi ya kijani kwenye kiungio, maana yake kimepimwa, na kwenye karatasi nikatia sahihi. Deo aliinamisha kichwa akaenda zake.

Jumatatu lori lilikuwa halijaondoka, limekwama kwa matope, namshukuru Mungu kwa matope yale. Mzee Ndikumana akaja na koti lake. Nikampa karatasi. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma. Akaenda kwenye mabomba, akainama, akaanza kunusa ndani ya kila bomba, moja baada ya jingine. Nilidhani uzee umemfikia. Alipofika kwenye ile kona alinusa mara mbili.

"Papa Neema, kuja hapa, mtoto yangu. Nusa."

Nikanusa. Kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua, basi.

"Hii haikuonja mafuta," akasema.

"Yamekauka, Mzee."

"Na chokaa? Nayo ilikauka ikaenda wapi?"

Nikayatazama mabomba. Yale mengine yote yalikuwa na weupe uliobaki kwenye mikunjo ya kiungio. Hii ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Hakupaza sauti. Alingoja wengine waende kula, kisha akanipa brashi, tukapima sisi wawili. Tuliketi kwenye debe kuukuu, yeye akinieleza jinsi chai inavyokaushwa, mimi nikisali moyoni ibaki nyeupe. Haikubaki. Mstari mweusi ulijitokeza polepole, urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilitarajia ataniburuta kwa tajiri. Badala yake alimwambia dereva asipakie chochote, akanipeleka kwenye minibasi ya kwenda Dowa. Tulipofika shuleni akaniingiza jikoni, akamwita mpishi mkuu, Mayi Thoko, mama mnene mchangamfu mwenye mtoto mgongoni. Akamwomba asimame pale atakaposimama masufuria mapya yakija. Mama akasimama, akacheka, akidhani tunampima urefu. Mzee akaweka kidole ukutani, mahali ile kona ya bomba itakapopita. Kidole kilikuwa usawa wa shavu la yule mama, na usawa wa kichwa cha mtoto.

"Zikomo, mayi," Mzee akamshukuru, na yule mama akarudi kwenye mwiko wake bila kujua kitu.

Nje, kwenye uwanja, ndipo aliponikaripia, na karipio lenyewe lilikuwa fupi.

"Siku ile ulimpenda Deo. Nimeelewa, ni vizuri kumpenda ndugu. Sasa niambie, huyu mama nani alimpenda?"

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, wanafunzi wakipita. Mzee alinishika bega mpaka nilipomaliza. Akaninunulia hindi la kuchoma akanilazimisha nile. Kisha akatoa ile karatasi yangu, akaandika nyuma yake, akanisomea. Mstari wa kwanza haukunitaja. Aliandika kwamba yeye, Ndikumana, hakufika Ijumaa, akidhani kijana anaijua kazi, na kwa hiyo kosa la kwanza ni lake. Langu lilifuata, lote, bila kupunguzwa. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu siku ile.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi: kumwambia Deo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaimba hivyo tangu darasa la kwanza, lakini nani anataka kuanza kuziba? Niliogopa kumpoteza. Bila yeye tusingekuwa na paa, na wewe ulikuwa unalala mikononi mwake kila Jumamosi jioni kwaya ikifanya mazoezi. Nilimkuta karakanani, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nikangoja aondoke au anipige.

Aliketi kwenye lile debe.

"Mi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku bageti za kuchomelea zilikuwa zimelowana na mvula, na patron iko ananiharakisha. Niliona kabisa moto haukukamata muzuri. Nikasema, bon, haina shida, ndugu yangu atapima, ataikatala, patron atanyamaza, nitafanya ingine. Njo nikakuangalia vile. We ukapaka rangi tu."

Mwanangu, nimekaripiwa na wengi, lakini neno lile lilinipasua. Mimi nilidhani namfichia aibu, kumbe yeye alikuwa akinisubiri nimwokoe. Hakuweza kumkatalia tajiri peke yake, akanitegemea mimi nikatae kwa niaba yake. Nikamwangusha, nikimwita ndugu.

Kona ile aliikata, akakausha bageti, vile vijiti vya kuchomelea, juu ya makaa, akachomelea upya. Nikapima mbele ya wote, nikangoja hadi mwisho. Hakuna aliyecheka.

Sasa nasaha zangu, na uziweke pamoja na vyeti vyako. Kwanza, karatasi iliyojaa sahihi usiipende sana. Nenda kwenye bomba lenyewe, na nenda hata siku unayodhani kila kitu kiko sawa. Usione haya kurudia swali mara tatu, waache wakucheke. Ukikuta mkaguzi amekwepa kazi, usimwaibishe kwanza. Muulize alikuwa anamwonea haya nani, kisha mwonyeshe mtu anayesimama upande wa pili wa ukuta. Andika kosa lake lote, na kama lako limo, litangulie. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, hata akihofia kumpoteza rafiki. Na kubwa kuliko yote: kumpima mtu si kumtukana. Katika hao utakaowakatalia, yuko anayekuomba kwa macho ukatae.

Nimemsomea Deo maneno haya. Mvi zimemjaa sasa, sauti ya kwaya bado ipo. Amesema niongeze lake: "Umwambie asibaogope. Abakatalie, kisha abakaribishe chai."

Mungu aliyetuvusha mipaka mitatu akulinde kwenye baridi ya huko, Neema. Akupe macho yasiyochoka na ulimi usio na uchungu. Akulinde wewe, awalinde na wale wanaolala karibu na vinu hivyo, ambao hawatalijua jina lako kamwe. Amina, binti yangu.