Sifuri ya Penseli kwenye Kadi ya Nereida

Kadi yenyewe ya chanjo ya Nereida ilibaki nyumbani kwao Cuauhtémoc, ng'ambo ya mpaka, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Aliyeizuia ni bibi yake, Mama Chonita. Mwezi wa Januari Herminia, mkwewe na mama wa mtoto, alipofunga mizigo kumfuata mumewe Evaristo huku Texas kwenye pamba, bibi alimpa nakala tu.

"Huko karatasi mnazipoteza kama soksi," alisema. "Hii ndiyo ya kumwandikisha shule. Na matufaa yakiiva mtakuwa mmesharudi."

Wazee wetu wengi hufanya hivyo. Kadi ikibaki nyumbani, wanaona mtoto naye hajaondoka kabisa. Herminia hakubisha.

Walifikia kwa Obdulia, dada yake Evaristo, mlango wa pili kutoka kwangu. Machi tatu Nereida alitimiza mwaka. Herminia alitaka kuomba ruhusa kazini ampeleke kliniki. Obdulia alivaa miwani, akaitandaza nakala mezani kwangu na kupitisha kidole.

"Surua, mwaka mmoja. Pamejazwa. Wifi, huyu kashachomwa. Unataka kumtoboa awe chujio?"

"Siku hiyo sikuwepo. Alipelekwa na bibi, mimi nilikuwa nafungasha matufaa."

"Basi bibi kamaliza kazi. Kisanduku kitupu ni cha miezi kumi na minane. Tulia."

Herminia akatulia.

Aprili upepo ulileta vumbi, na surua ikaja. Mlangoni pa kliniki pakabandikwa tangazo: mwenye homa na vipele asiingie, apige simu akiwa nje. Watu walilisoma, wakaenda zao. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili palikuwa na ubatizo ukumbini. Kwenye meza ya Herminia alikuwepo mtoto mmoja anayekohoa, macho mekundu. Mama yake alisema ni vumbi, nasi sote tukakubali kwamba ni vumbi. Nereida aliunyonya mkate aliokuwa akiushika mtoto yule.

Jumatatu jioni ujumbe ukaingia kwenye simu zetu zote. Halikuwa vumbi.

Herminia na Obdulia walikuja kwangu, Herminia akatoa nakala. Safari hii hakuangalia kisanduku, aliangalia tarehe. Oktoba kumi na nne. Akahesabu kwa vidole kuanzia Machi, akarudia. Miezi saba. Akampigia mama mkwe, sauti ya simu akaiweka wazi.

"Mama, cha mwaka mmoja kilijazwaje akiwa na miezi saba?"

Tulisikia kifuniko cha kopo kikifunguka.

"Ngoja nisogee kwenye taa. Enhe. Pana sifuri hapa pembeni, ya penseli, imefifia. Nesi alisema surua imezagaa, anamtangulizia moja. Lakini hiyo haihesabiwi, akifika mwaka achomwe tena. Nafasi nyingine ya kuandika hakuwa nayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani huko wanaanza yote upya, mwanangu." Tulisikia akifunga kopo. "Ana homa?"

"Bado."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria. Obdulia alivua miwani akaiweka mezani, hakuivaa tena jioni ile.

Kesho yake saa sita mchana nesi aliwafuata nje ya kliniki, akamchoma Nereida ndani ya gari la Obdulia. Aliuliza saa ya ule ubatizo. Saa nane, Jumamosi.

"Ndani ya siku tatu tangu akutane na ugonjwa, chanjo inaweza kuuwahi," alisema. "Zimebaki saa mbili. Inaweza, mama. Sitoi ahadi. Mfungie ndani wiki tatu. Na chanjo yenyewe huleta homa kidogo baada ya wiki hivi, wengine hata vipele. Ukiona chochote, piga simu kwanza."

"Nitajuaje ni chanjo au ni surua?"

"Kwa macho hutajua. Tutampima."

Herminia aliniomba nimwekee hesabu ya siku tangu ule ubatizo kwenye daftari langu, maana yeye, alisema, hesabu zake haziamini tena. Kila asubuhi alikuja dirishani kwangu, hakuingia. Siku ya tano, mzima. Siku ya nane, mzima, kala maharage. Siku ya tisa Obdulia alimpelekea supu ya kuku, akaiacha kizingitini pa chumba chao na kusema kupitia mlango, "Wifi, nitukane basi."

Siku ya kumi, homa kidogo. Mama Chonita alipiga simu mara nne. Alitaka kuituma kadi kwa basi la Ijumaa.

Siku ya kumi na moja Herminia hakuja dirishani. Nilikwenda mimi, nikawaona kupitia kioo cha dirisha lao, mtoto kapakatwa kwenye mwanga. Herminia alizifunua nywele nyuma ya sikio la kushoto, akabonyeza doa jekundu kwa kidole, akakiondoa, akatazama, akabonyeza tena. Kisha akainua macho kunitafuta, na kwa mkono mwingine akachukua simu.