Wazungu Wenye Pini

Juzi, katika uhaba huu wa kila kitu, kwenye kizuizi cha Tunduma, mgambo alimkamata mama mmoja na sabuni za magendo kutoka Zambia, zimefungwa kwa bango la muziki. Alipolikunjua, foleni yetu nzima ikaduwaa. Vijana wanne wa Kizungu wameshika magitaa, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, na mashati yao yaliyochanika yameshikizwa kwa pini.

"Hawa ni nani?"

"Sijui, afande. Nimefungiwa hivyo dukani."

Mgambo akaligeuza bango juu chini, kisha akajishika kola. Nayo ilikuwa na pini.

"Hata Ulaya nguo zimeadimika?"

Akamrudishia sabuni, bango akabaki nalo.

"Nenda, mama. Kumbe si sisi peke yetu."

Nami mpaka leo sielewi: mtu apate gitaa la umeme, akose uzi?