Chafya ya Masklo na Bilauri ya Tertinio

Kule Kolonia, kando ya mto Rhine, hapakuwa na mkono mwepesi kama wa Masklo mchonga vioo, wala pua nzito kama yake. Masklo akipiga chafya, mabata waliolala ukingo huu waliamkia ng'ambo. Asiyeamini na akawaulize mabata.

Kazi yake ilikuwa kuchukua bilauri nene na kuisaga kwa gurudumu, maji na mchanga, mpaka nje yake ubaki wavu mtupu wa kioo, umeshikiliwa na vijiti vyembamba kama miguu ya mbu. Mchongaji mwenye akili, kabla ya kuanza, huita mashahidi na kusema: ikivunjika, hasara ya mwenye kioo. Lakini siku Tertinio, tajiri wa mvinyo, alipoleta bilauri yake, Masklo alikuwa amelewa sifa, na mvinyo kidogo. Akaapa mbele ya watu kwamba ikivunjika kabla Tertinio hajaipokea mkononi, atamchungia nguruwe mpaka kufa. Tertinio akakubali upesi, tena akataka kitako kisagwe kiishe, bilauri iwe duara chini kama yai, maana ndivyo walivyopenda matajiri siku hizo.

Gamalda, mke wa Masklo, alipopata habari alisema tu, "Utalala nao hukohuko zizini."

Hata hivyo ni yeye aliyefukuza pilipili manga jikoni, akafukuza paka, akamfukuza na shangazi mtu kwa ajili ya marashi yake. Mwaka mzima na ushei walikula supu chapwa. Chafya ikimjia, Masklo aliacha gurudumu akatimua mbio hadi mtoni. Mabata wakahama.

Bilauri ikaisha, Masklo na Gamalda wakaipeleka karamuni kwa Tertinio. Tajiri alipoona ule wavu, alirudisha mikono nyuma. Akiipokea tu, ikivunjika ni hasara yake. Basi akawa anaisifu kwa mbali, akimwambia Masklo: isogeze kwenye taa, igeuze, inyanyue tena. Mpishi akapita na samaki aliyejaa pilipili manga. Pua ya Masklo ikaanza kucheza, machozi yakamlenga.

Gamalda akachukua jagi, akaijaza bilauri mvinyo wa Tertinio, ule wa zamani, mpaka pomoni.

"Unamwagika, bwana mkubwa," akasema kwa upole.

Tangu azaliwe Tertinio hajaacha mvinyo umwagike. Akaidaka bilauri kwa mikono miwili, akagugumia.

Masklo hakuufikia mlango. Taa zote zilizimika, na nywele za bandia za mgeni mmoja zilikutwa kesho yake kwenye mzabibu wa jirani.

Taa zilipowashwa, bilauri ilikuwa nzima kifuani mwa Tertinio. Akatafuta pa kuiweka. Mezani ingebingirika. Akawaita watumishi, kila mmoja akakumbuka kazi uani.

"Masklo, ndugu yangu, nishikie kidogo."

"Mikono inaniwasha, mzee," alisema Masklo, ameificha mgongoni. "Na umeshapokea."

Karamu ikaendelea. Mke wa Tertinio akawa anamlisha mumewe samaki kama kifaranga, tonge kwa tonge, na kwenye tonge la tatu pua ya Tertinio nayo ikaanza kucheza.