PCP au springer? Kabla hujalipia, soma yaliyonikuta Goma kwenye depo ya maharagwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka kwenye utulivu na mlioamka mkitega sikio.

Nimeufuatilia ule mjadala wa bunduki za upepo hapa jukwaani, PCP kwa springer, watu wanatukanana kama wamegombea mke. Nilitaka nipite kimya. Nimeshindwa.

Nitawapa ya kwangu. Chumvi sitaongeza, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa, maana niliogopa karibu kila mahali.

Mimi ni mtu wa Goma. Kiswahili hiki cha kwenu nilikiokota Kigoma nilikosoma, nikiteleza mnivumilie. Nina depo ya maharagwe na mahindi kule mtaa wa Mapendo.

Sasa, adui wa depo ni panya. Panya wa Goma hakimbii mtu, anakuangalia kwanza.

Mtaniuliza kwa nini sikuweka sumu. Depo yangu ina kina mama wadeplase, ndivyo tunavyowaita waliokimbia vita vijijini kwao. Kila jioni wanakuja kufagia sakafu, wanapepeta vumbi, na punje zinazobaki wanaenda kupikia watoto. Ukimwaga sumu kwenye sakafu ile umewaua watu, siyo panya.

Paka nilikuwa naye, akaibwa. Tusiulizane aliishia wapi, vita ina njaa zake.

Basi akatokea mzungu mmoja wa mambo ya kilimo, mteja wangu wa siku nyingi. Vita ilipokaribia akafunga mizigo. Alikuwa na bunduki mbili za upepo za kuchezea shabaha, zote za bei mbaya, na ndege isingemruhusu kupanda nazo. Akaniachia zote mbili. Akasema nizijaribu, nichague moja, nyingine nimpelekee rafiki yake upande wa pili wa mji.

Kwa wageni wa mada hii, nieleze kidogo.

Ya kwanza ilikuwa springer, ya Kijerumani, kitako cha mti wa walnut. Unavunja mtutu, spring inabanwa ndani, unaweka pellet moja, yaani kirisasi chake kidogo, unafyatua. Inaruka mkononi na inapiga kelele ya bati. Ukiikaba kwa nguvu inakosa shabaha, lazima uishike kilegevu. Lakini haihitaji kitu kingine chochote, nguvu yake imo humo humo.

Ya pili ilikuwa PCP. Nyeusi tii, chupa ya upepo chini ya mtutu, scope ndefu ya kuonea mbali, silencer mbele ya kuzima mlio, magazine ya pellet kumi. Unaijaza kwa pampu ya mkono mpaka jasho likutoke mgongoni. Ila ikishajaa, wakuu! Haitikisiki. Inasema "pff", panya kalala, na mwenzake aliye pembeni anaendelea kula.

Tulifunga karatasi za shabaha mwisho wa depo, juu ya gunia la mchanga. Nyuma ya gunia ni ukuta wa mawe ya volkano, na mawe yale hayana urafiki. Siku ya kwanza nilikosa mchanga kwa springer, pellet ikagonga jiwe, ikarudi ikamchana sikio Kasereka, mshonaji wangu wa magunia.

"Papa, miye siko panya!" akapiga kelele huku ameshika sikio.

Tulicheka sana siku hiyo. Naomba mlikumbuke hilo jiwe.

Kwa hiyo nilichagua nini? Nilichagua PCP, kama nyinyi nyote mngefanya. Sikuwaza mara mbili. Kosa langu lilikuwa kuchagua kama mtu anayeishi Ulaya, anayeulizwa tu kuhusu usahihi na kelele. Hapa kwetu kuna swali la tatu ambalo halimo kwenye review yoyote: mtu mwenye silaha akiikuta kwako, ataona nini?

Nililielewa swali hilo mji ulipoanza kujaa wakimbizi. Mabomu yalikuwa yanasikika kutoka vilimani, vioo vinatetemeka, na kambi ya wadeplase ya Kanyaruchinya ikawa haina pa kuweka mguu. Ikaanza bouclage. Maana yake wanajeshi wanazingira mtaa asubuhi, wanaume wote wanatolewa wanakalishwa barabarani, na nyumba zinapekuliwa moja moja kutafuta silaha. Ni wanajeshi wa upande gani sitasema. Aliyekaa chini barabarani haulizi upande.

Mtaa wa jirani walimkuta kijana na kiona-mbali tu, wakasema anawaelekeza adui. Hajarudi.

Kiona-mbali tu, wakuu. Na mimi nina kitu cheusi chenye scope na silencer.

Niliishiwa na usingizi na hamu ya kula. Kuitupa ziwani? Njiani kuna vizuizi. Kuipeleka kwa wakubwa na kujieleza? Karatasi sina, mwenyewe kashapanda ndege. Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, basi nami nikakimbiza wangu. Nilitoa upepo wote, maana chupa yenye presha ndani ya maharagwe sikuiamini. Nikafungua silencer. Nikaisokomeza bunduki ndani ya gunia, Kasereka akashona mdomo. Pampu na silencer nikavipeleka nyumbani.

Ile springer, ambayo vizuizi vilinizuia kumpelekea rafiki wa mzungu, tuliiacha imening'inia kwenye msumari pamoja na mafagio. Niliiona ni kama fimbo tu.

Gunia nililolichagua lilikuwa la Muzee Kalinda.

Huyu muzee ni mfugaji wa milima ya Masisi. Alipokimbia, ng'ombe walibaki huko, akaokoa magunia matatu ya maharagwe akaja kuyaweka kwangu. Yeye na mkewe wakaenda kuishi Kanyaruchinya. Kila mwenye mzigo kwangu ana alama yake ya rangi kwenye gunia, na ya kwake ilikuwa pembe mbili za ng'ombe, nyekundu, alizichora mwenyewe kwa kidole. Alikuwa anakuja mara moja moja kuchukua kidogo, anafungua gunia moja mpaka liishe.

Magunia ya wafanyabiashara yanauzwa kila siku, yanafunguliwa ovyo. La tatu la muzee lilikuwa chini kabisa kwenye kona. Nikaona hapo ndipo salama. Nilifikiria gunia, sikufikiria alama.

Siku ya siku ikafika. Asubuhi nimefungua depo, Muzee Kalinda naye ameshafika na mfuko wake, hata hatujasalimiana vizuri, filimbi zikalia pande zote. Wanaume wote wakasukumwa barabarani, muzee akiwa mmoja wao. Mimi kama mwenye depo nikaamriwa niingie nao ndani. Mlango wangu ni mpana, walioketi barabarani nilikuwa nawaona wote.

Mmoja akaiona springer kwenye msumari.

"Na hii?"

"Ya panya, chef," nikajibu, maana kwetu kila mkubwa wa jeshi ni chef. " Ni ya upepo."

Akaigeuza geuza, akacheka. Nikashusha pumzi. Lakini mkubwa wao, mtu mwembamba asiyepandisha sauti, hakucheka.

"Mwenye iko na moja, iko na ingine," akasema, yaani mwenye moja hakosi ya pili.

Halafu akanyoosha mkono ukutani akachukua bambo yangu.

Kwa wasioijua, bambo ni chuma chenye ncha na tundu ndani. Unakichoma kwenye gunia, punje zinateremka mkononi, unajua kilichomo bila kufungua. Kila depo inayo. Mimi ndiye niliyeiweka pale ukutani, nikainoa kabisa.

Akaanza kuchoma. Gunia moja, maharagwe yanamwagika. La pili, yanamwagika. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa ninaomba Mungu amchoshe mkono. Kasereka kule barabarani ameinamisha kichwa katikati ya magoti.

Akafika kwenye kona. Akachoma.

Kah.

Chuma kwa chuma. Hakuna asiyesikia.

Bunduki zote zikageuka. Yule mwembamba akainama, akaangalia rangi nyekundu, akatoka mlangoni akapaza sauti kwa mara ya kwanza:

"Mwenye gunia ya pembe mbili! Iko wapi?"

Sasa hapa wakuu naomba mnielewe. Kambini, siku ya mgao wa chakula, wanaita. Ukichelewa kuitika wanaruka jina lako, na watoto wanalala njaa. Mtu aliyekaa kambini miezi anajifunza kuitika kabla hajafikiri.

Muzee Kalinda akainuka haraka, mkono juu, mfuko ameshaufungua mdomo. Anatabasamu, anaitika kwamba ndiye:

"Njo mimi, chef! Niko hapa!"

Walimkamata shingoni wakamtupa kwenye magoti, mtutu kisogoni. Tabasamu lilikuwa bado usoni, halijapata habari.

Sitajisifu. Sekunde ile kuna sauti iliniambia nyamaza. Iliniambia wewe una watoto. Niliisikia vizuri kabisa. Kilichonifungua ulimi ni ule mfuko, alikuwa bado ameushika wazi kwa mikono miwili.

"Chef, siye yeye," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Niliweka miye. Muzee hajue kitu."

Nikaambiwa niitoe mwenyewe. Nilipasua gunia, maharagwe yakafunika miguu yangu, kile kitu cheusi kikatoka. Wakarudi nyuma hatua moja. Wanajeshi, wanarudi nyuma!

"Hii ni ya sniper."

"Ni ya upepo, chef, kama ile ingine."

"Unadanganya. Chapa tuone."

Na hapo ndipo nilipoyalipia mapenzi yangu ya PCP. Haikuwa na upepo hata chembe. Nikivuta trigger ingesema "tik" tu, na pampu iko nyumbani. Ile bunduki ya bei mbaya haikuweza kunitetea hata kwa neno moja.

Nikaomba ile ya mti.

Wakanipa, mitutu miwili mgongoni. Muzee bado yuko kwenye magoti. Nikavunja mtutu, nikaweka pellet, nikaielekeza kwenye gunia la mchanga, na hapo ndipo nikakumbuka lile jiwe na sikio la Kasereka. Nikikosa mchanga, pellet inarudi kwa wanajeshi. Ikimgusa mmoja tu, sote tumekwisha, na wa kwanza ni yule mwenye mtutu kisogoni tayari.

Springer haitaki kukabwa. Nikailaza kwenye kiganja kilegevu, nikatoa pumzi, nikavuta.

Ikapiga ile kelele yake mbaya ya bati. Mchanga ukatoa vumbi.

Sijawahi kuipenda kelele kama nilivyoipenda ile.

Yule mwembamba akaenda kuchokoa mchanga kwa kisu mpaka akaipata pellet, imebonyea, ndogo kuliko punje ya haragwe. Akachukua nzima kutoka kwenye kopo langu, akaijaribu kwenye mdomo wa ile nyeusi. Ikakaa sawasawa. Akaangalia mlangoni, kule muzee alikokuwa amepigishwa magoti.

"Mwachilieni muzee," akasema.

Mimi nilipigwa kitako cha bunduki mbavuni, ya kweli siyo ya upepo, mpaka leo nikikohoa naikumbuka. Ile nyeusi wakaondoka nayo. Springer akaitupa juu ya maharagwe.

"Chunga panya yako."

Walipotoka nilikaa chini palepale. Kina mama wa ufagio walikuja mbio, hawakungoja jioni, wakaanza kuokota punje zilizomwagika na kuzirudisha kwenye gunia la muzee, siyo kwenye mifuko yao.

Muzee Kalinda akaingia taratibu, anapangusa magoti. Sikujua nitaanzia wapi kumwomba msamaha. Akaangalia maharagwe, akaniangalia mimi, bado mfuko mkononi.

"Papa," akaniuliza, "zamu yangu ilishapita?"

Nililia, wakuu. Mtu mzima, mbele ya watu.

Sasa somo. Ukiishi penye amani, nunua PCP, ni mashine nzuri na sitabishana na mtu. Ila kama unaishi mahali ambapo mlango wako unaweza kufunguliwa na mtu usiyemwalika, chagua ile inayoonekana kuwa kile ilicho, na inayoweza kujieleza yenyewe bila pampu. Karatasi zake ziwe mkononi. Na kama huna karatasi, fuga paka.

Na usifiche hofu yako ndani ya kitu chenye jina la mwenzako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbavu.

Springer niliiuza baadaye. Nina paka wawili sasa, nawafungia ndani wasiibwe.

Wenye uzoefu karibuni, wa PCP njooni mnitukane, ngozi yangu ngumu. Na kama kuna anayejua namna ya kumsaidia mzee aliyeingiwa na woga wa aina hii, naomba aandike hapa chini. Maana mkewe alikuja depo akaniambia kwamba siku hizi kambini wakiita jina lake, Muzee anakaa kimya. Anasikia, anaangalia chini, haitiki.

Na zamu inampita.